Karafuu ya bibi si chupa ya mafuta

Kila inapotajwa karafuu na jino, watu wa Unguja na Pemba hugawanyika. Wapo wanaosema kubana karafuu kwenye jino linalouma ni ushamba, na ndiyo sababu wagonjwa hufika hospitali shavu limeshavimba. Wapo wanaojibu kwamba dawa ya asili haina madhara, na kwa imani hiyo hununua chupa ndogo ya mafuta ya karafuu wakaiweka nyumbani, hata penye watoto.

Hoja ya madaktari wa meno ina uzito, wala haihitaji maneno mengi. Karafuu hutia ganzi, haizibi tundu. Usaha ulioko chini ya mzizi unaendelea kujikusanya huku mwenye jino amelala usingizi mzuri, na uambukizo wa jino ukiteremka shingoni unaweza kuua. Maumivu yakipoa, safari ya hospitali ibaki pale pale.

Lakini kuita kubana karafuu jinoni ushamba ni kuwaonea wazee. Karafuu ni tumba la ua, lililochumwa kabla ya kufunguka. Likishakauka, kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake ni mafuta, na katika mafuta hayo asilimia 70 hadi 90 ni eujenoli. Kemikali hii huziba njia za sodiamu kwenye neva, hivyo habari ya maumivu haisafiri, na huua bakteria wengi wa kinywani. Madaktari wenyewe wanaijua vizuri: unga wa oksidi ya zinki ukikorogwa na eujenoli hugeuka saruji ya kuzibia jino kwa muda, na umetumika hivyo tangu karne ya 19. Kwa hiyo bibi wa Wete na daktari wa meno wanategemea kitu kile kile. Kinachowatofautisha na muuza chupa ni kipimo, na hapo ndipo naona mabibi hawajatendewa haki.

Tupige hesabu. Punje moja kavu ina uzito wa gramu 0.1 hivi, wakati mwingine pungufu. Eujenoli iliyomo haifiki miligramu 20, nayo haitoki yote kwa mara moja. Hutoka kidogo kidogo kadiri punje inavyotafunwa. Ukiichemsha kwenye chai hutoka kidogo zaidi, maana eujenoli haikubaliani sana na maji, na sehemu yake hupotea na mvuke. Sasa chukua tone moja la mafuta: lina eujenoli miligramu 40 hivi. Kijiko cha chai kina gramu 4 au karibu yake. Kujaza chupa ya mililita 10 kunataka mafuta ya punje zaidi ya 500. Bibi gani aliwahi kumpa mjukuu wake punje 500?

Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani waliweka kiwango cha juu cha miligramu 2.5 za eujenoli kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 12 ni miligramu 30. Kiwango hicho kimewekwa kwa tahadhari kubwa, kukivuka kidogo si kunywa sumu. Hata hivyo tone moja limeshakipita, na kijiko kimoja kimekipita zaidi ya mara 100. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu: alipoteza fahamu, akapata degedege, damu ikashindwa kuganda, ini likaumia. Aliokolewa kwa matibabu ya hospitali. Mkasa huo hauwezi kubebeshwa karafuu iliyobanwa jinoni.

Mafuta nayo hayalingani. Yanayotolewa kwenye makonyo, yale mabaki ya kuchambua ambayo kiwanda cha Wawi kule Chake Chake huyakeneka, kwa kawaida huwa na eujenoli nyingi kuliko ya tumba lenyewe. Ni zao la heshima, lina soko lake, na mkulima wa Pemba anastahili kufaidika nalo. Anayeyafungasha upya ili ayauze kama dawa ya kunywa, huku akisema ndivyo walivyofanya wazee, anawasingizia.

Kuwachanganya wazee na muuza chupa kuna hasara nyingine, tena kwenye chumba cha daktari. Katika maabara eujenoli imeonekana kuzuia chembe za damu zisigandane. Daktari anayetaka kung'oa jino, hasa la mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anahitaji kujua mgonjwa alitumia nini, kiasi gani, punje au mafuta. Aliyekwisha kuitwa mshamba mara moja hatasema. Atajibu kwamba hakutia kitu, na daktari ataendelea na kazi.