Chura wa Kitambaa Anayefanana na Kiazi

Siku ya tano ya mwezi wa tano, kwa kalenda ya mwezi ya Kichina, mtoto huvishwa kifuko cha kitambaa kilichojazwa pakanga, karafuu na viungo vingine vikavu vinavyonukia. Juu yake hutariziwa nyoka, nge, tandu, chura na mjusi: sumu ya kufukuza sumu, msimu wa joto na maradhi yake ukianza. Mpwani angekiita hirizi. Utarizi wa vifuko hivi huko Qingyang, mkoani Gansu, China, umo katika orodha ya taifa ya urithi tangu 2006.

Siku hizi watoto wenyewe huvishona darasani. Serikali ilipobana kazi za nyumbani na tuisheni Julai 2021, shule zilibaki na saa za jioni za kujaza, na sindano ikapata nafasi. Wanaolalamika kwamba ufundi wa zamani unapotea wana hoja. Pakiti nyingi za kushonea huja na kitambaa kimeshakatwa na matundu yameshatobolewa. Mtoto anapitisha uzi tu, kipindi kinaisha na kifuko kimeisha. Mkono uliofuata matundu haujajifunza kupima. Hapo siwabishii.

Kinachonikwaza ni hiyo zamani wanayoililia. Binti wa kijijini alipewa sindano mapema kwa sababu wakwe wangemkagua kwa mshono wake. Viatu, mito, vifuko: vyote vilikuwa mtihani, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Ustadi tunaousifu leo kwenye kabati za vioo ulitoka kwenye macho yake, usiku, baada ya kazi za nyumba. Na kaka yake? Alivaa tu.

Sasa kaka naye anachomwa kidole, anakilamba, anaendelea. Wenye huzuni ya urithi hulipita jambo hili haraka mno. Aliyehangaika jioni nzima na jicho moja la nge hatasema kirahisi kwamba kifuko cha bibi wa Qingyang ni ghali, na bibi yule anahitaji mnunuzi wa namna hiyo kuliko anavyohitaji cheti cha urithi.

Basi yaondolewe matundu, si watoto. Kitambaa kitupu, chaki, wiki mbili badala ya kipindi kimoja. Chura atatoka kama kiazi, sawa. Hata wale wa Qingyang, tukisema kweli, hawajawahi kufanana sana na chura wa dimbwini.