Watoto Wamepungua, Mlezi Ni Nani?

Saa kumi na moja u nusu alfajiri pale Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, utawaona akina mama wakipanda ngazi za ploti na watoto mgongoni. Huko juu kuna chumba kimoja wanachokiita deikea. Mtoto anaachwa na chupa ya uji, pampasi mbili na shilingi mia moja, mama anashuka mbio kuwahi kibarua Viwandani. Wengi wana mtoto mmoja au wawili tu. Ndivyo serikali ilivyotaka.

Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani ulikuwa watoto wanane kwa kila mwanamke. Utafiti wa 2022 ulikuta umeshuka hadi 3.4, na Nairobi 2.5. Wanaoitetea sera hii wana cha kujivunia. Mama wa watoto wanane alimaliza ujana wake wote ama na mimba ama akinyonyesha. Shule na biashara angevipatia wapi nafasi? Na wale wanaodai kupanga uzazi ni njama ya wazungu, mimi siwaelewi. Anayeficha kadi ya kliniki ndani ya mkebe wa unga ili mumewe asiione hajatumwa na mzungu yeyote.

Lakini wakosoaji nao wana hoja, ingawa mara nyingi huikosea njia. Sera ya Kenya ya idadi ya watu ya 2012 iliweka lengo la wastani wa watoto 2.6 kwa kila mwanamke ifikapo 2030. Lengo ni la taifa, mwili unaolibeba ni wa mwanamke. Sindano, kijiti, tembe, koili, zote ni zake, pamoja na damu isiyo na ratiba na kichwa kinachogonga. Mwanamume ana kondomu na kukatwa mshipa, na hilo la pili hebu litaje kijiweni kwa bodaboda uone kama hutachekwa.

Wanaotaka idadi ya watu iongezeke hawana nafuu. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili watu waongezeke, na wanawake wengi wakafa kwa mimba zilizotolewa kwa siri. Hungaria leo haijafika huko: humwondolea mama wa watoto wanne kodi ya mapato maisha yake yote. Lakini bado tumbo linahesabiwa kama bomba, la kufunguliwa au kufungwa kulingana na mahitaji ya hazina.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Katika nyumba ya watoto wanane, dada mkubwa ndiye aliyewalea wadogo. Haikuwa haki, ila mlezi alikuwepo. Nyumba ya watoto wawili Nairobi haina dada huyo, nyanya yuko ushago, na hakuna aliyefikiria nani atachukua nafasi yao. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo, baba wiki mbili. Mama wa kibarua hiyo miezi mitatu anaisikia redioni.

Jumanne moja nilipanda hadi chumba kile cha Pipeline saa nne asubuhi. Watoto walikuwa kumi na wanne. Mwenye deikea alikuwa ameenda sokoni, na aliyebaki nao ni binti yake wa gredi ya sita, akimbembeleza mmoja begani huku sare yake ya shule ikining'inia mlangoni.