Afisa mikopo aliyehamia kwenye simu

Mwaka juzi, saa tano usiku, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Nimwambie jirani yangu alipe deni lake la shilingi 80,000 kabla ya saa sita, la sivyo picha yake itasambazwa. Na mimi, eti, ndiye mdhamini wake. Sijawahi kumdhamini mtu hata baiskeli. Asubuhi tukagundua ujumbe huohuo umemfikia mama mkwe wake, fundi cherehani, mwalimu wa mwanawe na kijana anayemletea mchele. Jirani huyu anauza vitumbua. Alikuwa amekopa kwenye programu ya simu, na siku ya kujiunga alibonyeza "Ruhusu" mara nne au tano, kama sote tunavyobonyeza.

Humkumbuka kila ninaposikia watu wakibishana kama akili mnemba (wengine huiita akili unde) iachiwe ichukue kazi za binadamu. Ubishi wenyewe huwa wa madaktari, mawakili na watangazaji, mambo ya kesho. Kumbe kuna kazi imeshachukuliwa mchana kweupe na hakuna aliyeandamana: ya afisa mikopo.

Tusimlilie kupita kiasi. Alitaka hati ya nyumba au kadi ya gari, slipu ya mshahara, wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, na wengine walitaka na hela ya soda. Muuza vitumbua hana hata kimoja. Angeambiwa njoo kesho mpaka mtaji uishe kwenye nauli. M-Pawa, huduma ya mikopo kwa simu ya Vodacom Tanzania, ilipoanza mwaka 2014, mtu wa aina yake akaweza kukopa bila kuonana na yeyote, saa kumi alfajiri, kabla hajaenda kununua mchele. Programu haimwambii mwanamke aje na mumewe. Halafu kuna hesabu ambayo wapinzani wa mashine huiruka: hakuna benki inayoweza kumlipa afisa mshahara akachunguze mkopo wa shilingi 20,000. Nauli ya kumfuata mkopaji tu ingemeza riba. Kwa mikopo hiyo midogo mashine haikumpokonya mtu kazi, maana kazi yenyewe haikuwapo.

Hapo nakubaliana kabisa na wanaoitetea mashine. Ninapoanza kusita ni pale ninapojiuliza mashine inamjuaje mtu.

Zipo zinazotazama salio na miamala ya pesa kwenye laini yako, basi. Nyingine zilichimba zaidi: meseji, mahali ulipo, orodha ya majina. Shivani Siroya, mwanzilishi wa Tala, kampuni iliyokopesha Wakenya wengi kwa simu, aliwahi kueleza kwamba mtu anayehifadhi namba za watu kwa majina yao mawili huelekea kuwa mlipaji mzuri. Fungua simu yako sasa hivi. Yangu ina "Juma Fundi Bomba", "Mama Asha Vitenge" na "Dalali Mbagala 2". Kwa kipimo hicho sikopesheki.

Utasema afisa mikopo naye alichunguza. Ni kweli, aliuliza kwa mjumbe na kwa majirani. Ila alichokipata kilikaa kwenye faili, faili likakaa kabatini, na akipeleka maneno yako kijiweni ulijua meza yake iko wapi. Programu ya jirani yangu ilichukua majina yote, likiwemo langu mimi nisiyekopa na nisiyeulizwa. Haikuhitaji hati ya nyumba kwa sababu ilishapata dhamana nyingine, nayo ni aibu mbele ya mama mkwe.

Na ule ujumbe wa saa tano usiku mtu ndiye aliyeuandika, kwa matusi ya hapahapa mjini, tena alipiga na simu. Kijana fulani ameajiriwa kwa hiyo. Mashine imechukua kupima na kuamua, binadamu kaachiwa kutukana. Mgawanyo wa namna hii si wa mikopo peke yake. Mwaka 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutobanwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee. Septemba 2023 mkopeshaji mmoja wa mtandaoni huko alitozwa faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia namba za watu kudai madeni. Google ilizikataza programu za mikopo kwenye duka lake kusoma orodha za majina kuanzia Mei 31, 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikataja programu 69 zisizo na leseni.

Wakopeshaji hujibu kwamba ukidai binadamu kila hatua, gharama inarudi na muuza vitumbua anarudi kwenye njoo kesho. Hoja ina uzito, nami sidai kila hatua. Mashine iseme "ndiyo" hata usiku wa manane. Ila anayekataliwa akilalamika, na anayedaiwa, apate mtu mwenye jina na meza. Majina ya simuni yasiguswe, hata mkopaji akiruhusu, kwa kuwa hayakuwa yake peke yake kuyatoa.

Jirani alimaliza deni na kuifuta programu. Juzi nikamuuliza kama aliomba namba zetu nazo zifutwe huko zilikokwenda.

"Nimwombe nani?" akasema, akigeuza vitumbua.

Nikachukua simu yake tutafute. Tulipata jina la programu, nyota nne na nusu, na anwani ya barua pepe. Niliandika palepale. Barua ilirudi kabla vitumbua havijaiva.