Kampeni za Uingereza zinabadilisha matokeo jamani, muulizeni Theresa May

Kila uchaguzi mkuu wa Uingereza ukikaribia utasikia wachambuzi wakisema kampeni haibadilishi kitu, eti watu washaamua miezi mingi nyuma na zile wiki za mwisho ni kelele tu za mabango na vipeperushi. Mimi hoja hiyo siikubali hata kidogo, na kila anayeniletea namrudisha 2017, maana pale upepo uligeuka mchana kweupe, kila mtu anaona, na sababu zake zinajulikana.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 18 Aprili 2017 Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo kutoka chama cha Conservative, anatoka nje pale Downing Street anatangaza anataka uchaguzi wa mapema, wakati uliopangwa ulikuwa wa 2020, na kesho yake Bunge likamkubalia kwa kura 522 dhidi ya 13. Kura za maoni zilikuwa zinampa uongozi wa pointi kama 20 hivi dhidi ya Labour, chama kikuu cha upinzani. Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour, kule kwake hata wabunge wa chama chake hawakumtaka, mwaka 2016 wabunge 172 walipiga kura ya kutokuwa na imani naye. Halafu tarehe 4 Mei ikaja uchaguzi wa madiwani, Conservative wakaongeza viti zaidi ya 500. Kwa hiyo watu hawakuwa wanabishana kama May atashinda, walikuwa wanabishana atashinda kwa viti vingapi.

Sasa hapa ndo pa kukaa nalo. Tarehe 18 Mei Conservative wanazindua ilani yao kule Halifax, na ndani yake kuna mpango wa matunzo ya wazee. Kabla ya hapo, mzee akihudumiwa nyumbani kwake thamani ya nyumba yake ilikuwa haihesabiwi kwenye kupima uwezo wake wa kulipa. Ilani ikasema sasa itahesabiwa, gharama zitaweza kukatwa kwenye nyumba akishafariki, ila familia itaachiwa angalau pauni 100,000. Ukomo wa jumla wa kiasi ambacho mtu anaweza kulipa haukutajwa. Yaani fikiria mtu amelipa mkopo wa nyumba maisha yake yote, kapata ugonjwa wa kusahau, kauguzwa miaka na miaka, na nyumba aliyotaka kuwaachia wanawe ndo inalipa bili. Na hao wazee wenye nyumba ndo wapiga kura wakubwa wa Conservative! Jina la kodi ya ugonjwa wa kusahau likaenea nchi nzima kwa siku mbili tatu, na wagombea waliokuwa wanagonga hodi mlango kwa mlango wakawa wanakutana nalo kila nyumba.

Siku nne baadaye, tarehe 22 Mei, May akiwa Wrexham akabadili gia angani, akasema ukomo utakuwepo. Si dhambi kiongozi kusikia malalamiko akarekebisha. Shida ni kwamba waandishi wa habari walimuuliza mmoja baada ya mwingine kama amebadili msimamo, na yeye akapandisha sauti, mikono kaitandaza, anarudia kwamba hakuna kilichobadilika. Mtu yeyote aliyekuwa anaangalia TV aliona kwamba kimebadilika. David Butler, msomi aliyefuatilia chaguzi 20 za nchi ile, alisema hakumbuki mgeuko mkubwa kiasi kile katikati ya kampeni. Na kumbuka kampeni yote ya May ilikuwa imejengwa juu ya jina lake na maneno mawili, imara na thabiti, mabango yameandikwa timu ya Theresa May kwa herufi kubwa, jina la chama dogo pembeni. Ukiwaomba watu kura kwa sifa ya uimara, kisha wakakuona unayumba na unakataa kwamba umeyumba, umebaki na nini cha kuwauzia?

Usiku uleule ndo likatokea shambulio la bomu Manchester, watu 22 wakafa, wengi wao vijana na watoto waliokwenda kwenye tamasha la muziki, na kampeni zikasimamishwa. Tarehe 3 Juni likaja la London Bridge, watu 8 wakauawa. Wengi walidhani misiba ile itawarudisha watu kwa waziri mkuu aliyepo, lakini mjadala ukaenda kwenye idadi ya polisi, ambao walikuwa wamepungua karibu 20,000 tangu 2010, na May ndo alikuwa waziri wa mambo ya ndani kuanzia 2010 hadi 2016.

Tarehe 31 Mei kulikuwa na mdahalo wa BBC pale Cambridge. Corbyn akatangaza siku hiyohiyo kwamba anakwenda. May hakwenda, alimtuma Amber Rudd, waziri wake wa mambo ya ndani, ambaye alikuwa amefiwa na baba yake siku mbili tu nyuma. Hili bado linaniuma kila nikilifikiria. Uchaguzi umeuitisha mwenyewe, unataka wananchi wakuongezee madaraka, halafu hutaki kusimama uulizwe maswali!

Kuhusu kura za maoni, siku za mwisho ICM, kampuni ya kura za maoni, walimpa May uongozi wa pointi 12, Survation, kampuni nyingine, wakampa pointi 1, nchi moja na wiki moja. Tofauti kubwa ilitokana na kila kampuni ilivyokadiria ni nani atakwenda kupiga kura, hasa vijana, maana zilizowapunguza vijana kwenye hesabu zao ndo zilikosea zaidi. YouGov, nao kampuni kama hizo, walikuwa na hesabu yao ya jimbo kwa jimbo iliyoonyesha hakuna chama kitakachopata wingi bungeni, na watu waliidharau.

Tarehe 8 Juni usiku, Labour wamepata asilimia 40, Conservative 42, May kabaki na viti 317 wakati wingi unaanzia 326, ikabidi akaombe msaada kwa wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini. Canterbury, jimbo lililokuwa la Conservative karibu miaka 100, limekwenda Labour kwa tofauti ya kura 187. Kensington, katikati ya matajiri wa London, kwa kura 20.

Ila tusidanganyane kwamba upepo ulivuma upande mmoja. May aliongeza kura nyingi kuliko alizopata David Cameron, mtangulizi wake, 2015. Aliichukua Mansfield, mji wa wachimba makaa ya mawe uliokuwa wa Labour miaka nenda rudi, na Scotland chama chake kikaongeza viti 12, bila hivyo hata ule mpango na DUP usingetosha. Watu walidhani kura za UKIP, chama kilichopigania Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, zitahamia kwake zote, kumbe nyingine zilirudi Labour. Ndo maana napinga wanaosema nchi nzima ilihamia kwa Corbyn, kila jimbo lilikuwa na kesi yake.

Najua mtaniambia 2024 kila mtu alijua Labour watashinda na wakashinda. Sawa, lakini angalieni chini ya hapo. Nigel Farage alikuwa amesema hagombei, tarehe 3 Juni akageuka akagombea jimbo la Clacton, na chama chake cha Reform kikamaliza na asilimia 14 ya kura. Labour nao walipata asilimia chini ya 34, pungufu kabisa ya kile kura za maoni zilichokuwa zinawapa mwanzoni mwa kampeni, ingawa viti vilivuka 400. Aliyeangalia mshindi tu alisema hakuna jipya. Wagombea wa Conservative waliopoteza majimbo kwa sababu kura za upande wao ziligawanyika na Reform hawawezi kukuambia hivyo, na mimi nawaelewa.