Mwaka wa gari haunisaidii, nitajie namba ya fremu

"Honda Fit Hybrid, mwaka 2013, inanusa mafuta, kiyoyozi kinagandisha, haina kazi, njoo na fundi wako." Matangazo ya namna hii yamejaa kwenye simu zetu. Picha zipo za kutosha: gari imeoshwa, matairi yanang'aa, viti bado vina nailoni. Picha ya kibao cha fremu? Hakuna. Ukiuliza unajibiwa, "Boss, haibridi ni haibridi, njoo uione."

Hapana, boss. Huo mwaka 2013 ulitoa vizazi viwili vya Fit Hybrid. Hadi katikati ya mwaka iliyojaa ni ile ambayo namba yake ya fremu inaanza na GP1, na kuanzia Septemba ikaingia inayoanza na GP5. Injini si moja, betri si moja, giaboksi si moja, hata magonjwa yake hayafanani. Anayekuuzia "ya 2013" bila kukutajia fremu ama hajui anachouza, ama anakijua vizuri sana.

GP1 ni haibridi (gari la petroli na umeme) ya kizamani. Injini ya 1.3, mota ya farasi 14 tu imebanwa kati ya injini na giaboksi ya CVT (ya mkanda, isiyo na hatua za gia), betri ya nikeli ya volti 100 iko chini ya sakafu ya buti. Mota ile inasukuma kidogo wakati wa kuondoka na kuvuna umeme ukifunga breki, basi. Usiitegemee itambae foleni ya Kimara, Dar es Salaam, kwa umeme mtupu. Kompresa ya kiyoyozi inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikijizima kwenye taa, ubaridi nao unaaga. Plagi ni nane, mbili kila silinda, na fundi mvivu hubadilisha zile nne za mbele zinazofikika kirahisi kisha akakuandikia nane. CVT yake inataka oili ya Honda iitwayo HMMF. Ikiondoka kwa kutetemeka kama inakokota kitu, oili imezeeka au imewekwa ya aina nyingine. Ila GP1 ina wema mmoja ambao wenzake wengi hawana: stata ya kawaida ya volti 12. Betri kubwa ikichoka, gari bado inawaka na inakufikisha nyumbani, taa zikilalamika njia nzima.

Sasa GP5, ambayo ndiyo inayopigiwa debe kuliko zote.

Injini ya 1.5, betri ya lithiamu ya volti 173 hivi, na giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu. Gia za namba witiri zina klachi yake, za shufwa zina yake, na mota imefungwa upande wa witiri. Kwenye karatasi ni ufundi mtamu. Kwenye barabara za kwetu, soma tena neno klachi kavu. Gari ikitambaa na betri ina chaji, mota inasukuma na klachi zinapumzika. Chaji ikishuka, na kwenye foleni ya saa moja ukiwa umewasha kiyoyozi lazima ishuke kwa sababu kompresa yake inakula umeme wa betri hiyohiyo, injini inaingia kazini. Injini haiwezi kuendesha gari kwa mwendo wa mguu bila klachi kuteleza. Klachi ikiteleza inapata joto, na kavu maana yake hakuna oili ya kuipoza. Nenda hatua mbili, simama, nenda hatua mbili, kwenye jua la saa nane mchana. Kisha taa ya giaboksi inawaka na mwenye gari anaambiwa "ni sensa tu".

Na hili si jungu la mafundi wa gereji za bongo. Katika muda wa takribani mwaka mmoja tangu itoke, Honda ilitangaza mara tano kuyarudisha magari ya mfumo huu, Fit na ndugu yake Vezel Hybrid, kwa marekebisho. Baadhi ya marekebisho hayo yalihusu programu inayoongoza giaboksi. Oktoba 2014 wakubwa wa kampuni, rais wake Takanobu Ito akiwemo, wakakubali kukatwa mishahara. Kampuni haikati mshahara wa rais wake kwa sababu ya "sensa tu".

Kwa hiyo ukiipenda GP5, fanya kazi ya nyumbani. Chukua namba ya fremu nzima, herufi na tarakimu zote, uiingize kwenye tovuti ya Honda ya Japani sehemu ya marekebisho. Itakuonyesha yapi yalifanyika na yapi bado. Kivinjari cha simu kitakutafsiria Kijapani, usiogope. Halafu iendeshe, na si kuzunguka yadi mara mbili. Iendeshe dakika 40 kwenye foleni ya kweli, kiyoyozi kimewashwa, mpaka ile mistari ya chaji ishuke hadi mmoja au miwili. Hapo ndipo sikiliza. Ikitoka kwa kurusha kichwa, ikikwaruza kati ya gia ya kwanza na ya tatu, ikisita ukiachia breki kwenye mlima, rudisha funguo. Ipandishe mlima kinyumenyume pia, taratibu. Klachi iliyochoka haiwezi kujificha hapo.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba GP5 nzima inaendeshwa kwa raha kuliko Aqua ya Toyota, ina nafasi kubwa zaidi nyuma, na zile zilizotoka baada ya mabadiliko ya mwaka 2017 zimetulia. Ila ile namba ya kilomita 36.4 kwa lita mnayoimba ilikuwa ya daraja (toleo) la chini kabisa, lililopunguziwa uzito hadi likapewa tangi la lita 32. Madaraja mengine yalikuwa chini ya hapo. Miezi michache baadaye Toyota ikajibu na Aqua ya 37.0. Zote mbili ni namba za maabara ya Japani, wala hazijawahi kukutana na tuta la Mbagala.

Aqua yenyewe, fremu NHP10, ilitoka Desemba 2011, na watu wanabishana usiku kucha kuhusu uso wa 2012, uso wa mwishoni mwa 2014 na uso wa 2017. Taa na bampa! Chini ya bodi ni injini ileile ya 1NZ-FXE, betri ileile ya nikeli ya volti 144 yenye moduli (vipande vya betri) 20, na giaboksi isiyo na klachi wala mkanda, ni gia za sayari na mota mbili. Kitu cha kuungua kwenye foleni hakimo. Ukichukua uso mpya unalipia sura, pamoja na breki za kujifunga zenyewe zilizoanza kupatikana mwishoni mwa 2015. Kilicho muhimu zaidi ni daraja: L ina vioo vya nyuma vya kuzungusha kwa mkono, na mara nyingi dalali "husahau" kulitaja hilo.

Aqua nayo ina magonjwa yake. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na inavuta hewa kupitia tundu dogo kando ya kiti hicho. Vumbi letu na nywele za mikeka zikiziba feni, moduli za katikati zinapikika. Fungua kifuniko, angalia feni kwa tochi. Ukikuta kutu au unga wa kijani kwenye viunganishi vya betri, gari hiyo imeonja maji, ya mafuriko ya Jangwani au ya Japani, iache. Upande wa breki, washa hadi neno READY litokee kwenye dashibodi, zima redio na feni, usiguse pedeli. Pampu ikijaza presha ikanyamaza, sawa. Ikirudi kuunguruma kila baada ya sekunde chache bila mguu wako, presha inavuja ndani na msimbo wa hitilafu C1391 unakuja. Hiyo si kazi ya kubadilisha pedi, ni kifaa kizima, na bei yake itakufanya ukumbuke Toyota IST yako ya petroli kwa machozi.

Betri ndogo ya volti 12 nayo iko nyuma, ni ile ya S34B20R yenye mrija wa kutolea hewa nje. Wengine wamepachika betri ya kawaida ya maji, sasa mvuke wa asidi unaishi ndani na abiria. Na tafadhali, fundi akitaka kumimina oili ya CVT kwenye giaboksi ya Aqua kwa sababu "si ni CVT", mnyang'anye faneli. Inakula oili ya Toyota iitwayo ATF WS, lita tatu na kidogo. Kipozeo cha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota) nacho kina chupa yake na pampu yake. Maji ya bomba hayaingii humo.

Nyingine kwa kifupi. Toyota Axio na Fielder za NKE165 ni mfumo uleule wa Aqua ndani ya bodi kubwa, na kwa familia ndiyo ningechukua. NZE161 ni petroli tupu, hata ikibandikwa nembo ya bluu ya haibridi. Prius Alpha ya viti vitano (ZVW41) ina betri ya nikeli, ya viti saba (ZVW40) ina ya lithiamu katikati ya viti vya mbele, kwa hiyo usikubali bei ya betri ya moja kwa ajili ya nyingine. Prius ZVW30 safisha njia ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) kabla haijakuunguzia gasketi ya silinda hedi. Nissan Note ya HE12 ni e-Power, yaani haibridi, E12 ni petroli. Nissan Serena ya "S-Hybrid", HFC26, ni altaneta yenye majivuno.

Limebaki neno "betri mpya". Nyingi ni betri za kuunga: moduli moja imekufa, imetolewa, ikawekwa ya gari lililogongwa, zilizobaki, 19 kwa Aqua, ni zilezile zilizochoka. Nyingine itafuata. Tumia kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha blututhi na programu kama Dr. Prius au Hybrid Assistant, panda mlima ukikanyaga mafuta, angalia volti za bloku (makundi ya moduli). Moja ikishuka nusu volti chini ya wenzake, hesabu gharama ya betri nzima kwenye bei. Kisha soma umbali uliotembewa tangu misimbo ya hitilafu ifutwe. Ikiandika kilomita 6 kwenye gari ambayo "haijawahi kuguswa", muulize nani alifuta nini. Atakwambia betri ndogo ilitolewa ili injini ioshwe, na inawezekana ni kweli, kwa baadhi ya magari kuitoa kunafuta kumbukumbu hiyo. Basi iendeshe kilomita 30, mlima ukiwemo, upime tena kabla pesa haijatoka benki.