Picha Kwanza, Mchele Baadaye: Video za Nyimbo za Krismasi na za Misaada

Kila ifikapo Disemba, upepo wa kaskazi ukishashika na jua la adhuhuri likawa halina huruma, maduka ya simu na televisheni pale Darajani, Unguja, huonyesha theluji. Mwaka jana nilikuwa nimesimama katika duka moja nikingoja kijana anibadilishie kioo cha simu, na juu ya kichwa chake, karibu na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kelele, vijana wa Kizungu waliovaa makoti mazito walikuwa wakirushiana mabonge ya theluji mlimani. Sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa, na kilichosikika ni kaswida kutoka kwenye redio ya duka la jirani. Kijana hakuinua macho hata mara moja. Mimi niliangalia video ile mpaka mwisho, na tangu siku hiyo nimekuwa na mazoea, ambayo nayapendekeza kwa msomaji, ya kuzitazama video hizi kwanza bila sauti. Maneno ya nyimbo za misaada yameshahojiwa vya kutosha kwa takriban miaka 40. Picha zake hazijahojiwa kwa kiasi hicho, na kwa maoni yangu ndizo zinazotufundisha zaidi.

Video ile ilikuwa ya “Last Christmas” ya kundi la Wham!, iliyopigwa mwaka 1984 huko Saas-Fee, nchini Uswisi. Kisa chake ni chepesi: George Michael anakwenda mlimani pamoja na marafiki, na huko anamkuta mpenzi wake wa zamani akiwa na mwenzake, tena bizimu aliyompa mwanamke huyo Krismasi iliyopita sasa inang’aa kwenye nguo ya huyo mwenzake. Kwa mtu aliyelelewa na taarabu hakuna ugeni hapo, kwani zawadi iliyopewa mtu ikaonekana kwa mtu mwingine ni jambo ambalo waimbaji wetu wangelitungia beti kumi za mafumbo. Jambo ambalo video haisemi ni kwamba mapato ya wimbo huo yalitolewa kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Hamna mtoto mwenye njaa ndani yake, wala nambari ya kuchangia, wala uso wa huzuni isipokuwa wa kijana aliyeachwa. Sadaka ilipita kimya kimya chini ya hadithi ya mapenzi.

Krismasi hiyohiyo, wimbo huo ulishika nafasi ya pili nchini Uingereza, na ulilazimika kungoja mpaka Januari 2021 ndipo ukashika ya kwanza. Uliouzuia ni wimbo mwingine ambao George Michael huyohuyo alikuwa mmoja wa waimbaji wake, yaani “Do They Know It’s Christmas?” wa Band Aid. Chanzo chake kinajulikana. Tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ilirusha taarifa ya mwandishi wake Michael Buerk kuhusu njaa, kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mwanamuziki Bob Geldof akaiona, akaandika wimbo pamoja na mwenzake Midge Ure, na tarehe 25 Novemba, siku ya Jumapili, wakawakusanya waimbaji mashuhuri wa Uingereza na Ireland katika studio ya Sarm West, Notting Hill, jijini London. Tarehe 3 Disemba santuri ilikuwa madukani.

Maneno ya wimbo huo sina haja ya kuyatetea. Kuuliza kama watu wa Ethiopia wanajua kwamba ni Krismasi ni kuuliza nchi iliyokuwa na Ukristo tangu karne ya nne, yenye makanisa ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba, na ambayo husherehekea Noeli yake tarehe 7 Januari. Kusema kwamba huko hakuna mto unaotiririka ni kuusahau Mto Abay, unaotoka Ziwa Tana na kuipelekea Misri sehemu kubwa ya maji ya Nile. Baya zaidi ni ule mstari unaomwambia msikilizaji amshukuru Mungu kwamba ni wao na si yeye. Wapo wanaoutetea mstari huo kwa hoja kwamba ni kejeli iliyokusudiwa kumchoma msikilizaji aliyeshiba. Huenda ni kweli, lakini kejeli ni chumvi, na hii ilimwagwa katika chungu kizima cha watu waliokuwa wakinunua zawadi.

Zima sauti, hata hivyo, na video ya 1984 inakuwa kitu kingine. Tunawaona watu wakiingia studio asubuhi, baadhi yao wakiwa na nyuso za usingizi. Phil Collins anapiga ngoma. Mwimbaji mmoja anasogea kwenye maikrofoni, mkono mmoja ukikandamiza kisikizio sikioni, huku macho yake yakifuata karatasi ya maneno. Mwishoni wote wanapanga safu na kuimba kiitikio kama wanafunzi wa skuli siku ya kufunga muhula. Hii ni video ya watu walio kazini. Haimwonyeshi mwenye njaa hata mmoja, na kwa hivyo haimdhalilishi yeyote. Jalada la santuri, kazi ya mchoraji Peter Blake, ndilo lililowaweka watoto wa Ethiopia katikati ya mapambo ya Krismasi ya Kiingereza, na hilo ni jambo linaloudhi mpaka leo.

Wamarekani walifuata mkondo huo Januari 28, 1985, pale “We Are the World”, wimbo wa Michael Jackson na Lionel Richie, uliporekodiwa usiku kucha Hollywood chini ya usimamizi wa Quincy Jones. Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kucheka kidogo. Usiku huo Stevie Wonder alitoa rai kwamba baadhi ya maneno yaimbwe kwa Kiswahili, ukazuka mjadala, mpaka ikaelezwa kuwa watu wa Ethiopia hawasemi Kiswahili, na rai ikaachwa. Tulikaribia kuingia katika wimbo mkubwa kuliko wote wa misaada kwa kosa la ramani. Silichukulii hilo kuwa tusi, kwani Stevie Wonder alikuwa anatafuta njia ya kumsemesha mtu badala ya kumsema, na ugonjwa wa video hizi ni kwamba karibu zote zinamsema.

Mwenye kuikosoa video hiyo ya Wamarekani ana pa kuanzia: ikifika zamu ya Michael Jackson, kamera inaanza kwenye viatu vyake na soksi zinazometa, kisha inapanda taratibu hadi usoni, kana kwamba yeye ndiye habari yenyewe. Njaa haina nafasi. Ni hoja nzito kwamba video za namna hii hugeuza msiba wa watu kuwa jukwaa la waimbaji, na kwamba anayenufaika zaidi, baada ya fedha kugawiwa, ni yule ambaye sura yake imezunguka dunia. Isitoshe, zinaficha sababu. Njaa ya Tigray na Wollo ilikuwa ya ukame na vita kwa pamoja, na serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wa wakati huo, ilihusika. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walipolaani uhamishaji wa watu kwa nguvu walifukuzwa nchini humo mwaka 1985. Hakuna wimbo wa dakika chache unaoweza kubeba hayo, lakini upo uwezekano wa kutosema kwamba tatizo ni mvua tu.

Upande wa pili, na mimi siwezi kuupuuza, unauliza: bila ya picha ya mwenye njaa, nani angelitoa? Kama Buerk na mpiga picha wake wasingelisimama Korem, wimbo wenyewe usingelikuwapo. Katika tamasha la misaada la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, ambalo sisi Waunguja hupenda kulikumbuka kwa sababu ya mtoto wa mji huu, Freddie Mercury, David Bowie alipunguza wimbo mmoja katika zamu yake ili ionyeshwe filamu fupi ya televisheni ya Kanada, CBC. Ilikuwa ni picha za watoto wa Ethiopia zilizowekewa wimbo “Drive” wa kundi la The Cars, wimbo wa mapenzi usiohusiana na njaa kabisa. Kwa vyovyote ile ni video ya muziki, na sijui nyingine iliyotikisa watu kuliko hiyo. Ndani yake alikuwamo mtoto wa kike ambaye alidhaniwa yu karibu kufa. Alipona. Tarehe 2 Julai 2005 alipanda jukwaani Hyde Park, London, akiwa mwanamke kijana aliyesomea kilimo, na hapo ndipo mamilioni walipolijua jina lake: Birhan Woldu.

Anayetetea picha atasema kwamba huo ni ushahidi wake: uso ule uliokoa watu. Anayepinga atauliza kwa nini uso ulitangulia jina kwa miaka 20. Nimelifikiri sana jambo hili na ninaona kwamba wote wawili wanasema kweli, ila swali la pili halijibiwi na la kwanza. Fedha zilizopatikana haziwezi kuwa risiti ya kila kilichochukuliwa.

Kwa kipimo hicho, video ya wimbo huohuo wa Band Aid uliorudiwa mwaka 2014, iliyokusudiwa kusaidia vita dhidi ya Ebola, ni ya kurudi nyuma. Inaanza kwa mwanamke mgonjwa akinyanyuliwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, kisha ghafla tuko London, waimbaji wanashuka kwenye magari na kamera za waandishi zinamulika. Hata bila sauti mtu anaona aibu. Mwanamke yule hakuwa katika hali ya kumkubalia wala kumkatalia mtu yeyote. Maneno yalirekebishwa kidogo, na ule mstari wa kumshukuru Mungu uliondolewa, lakini badala yake mwimbaji Bono aliimba habari ya kunyoosha mikono na kugusana, katika wimbo kuhusu ugonjwa unaoenezwa kwa kugusana. Na swali la Krismasi sasa liliulizwa kwa Guinea na Sierra Leone, nchi ambazo wengi wa watu wake ni Waislamu kama sisi. Jibu la Mzanzibari ni rahisi: tunajua, ni siku ya mapumziko, na kanisa la Minara Miwili hujaa. Fuse ODG, mwimbaji wa Uingereza mwenye asili ya Ghana, alikataa kushiriki kwa sababu ya namna Afrika inavyochorwa, na mwaka 2024 Ed Sheeran, aliyeshiriki, alisema kwamba kama angeliulizwa asingelikubali sauti yake itumike tena katika toleo jipya.

Mwaka huohuo wa 2014 Salif Keita, Oumou Sangaré, Tiken Jah Fakoly na wenzao walitoa “Africa Stop Ebola”, kwa Kifaransa na lugha za Afrika Magharibi, wakiwaambia watu wasiwaguse wagonjwa na wawaamini madaktari. Anayesemeshwa ni jirani wa mgonjwa. Haikupata robo ya umaarufu wa ile ya London. Kuhusu ile video ya mzaha ya mwaka 2012, ambamo Waafrika wanakusanya vipasha joto ili kuwaokoa Wanorwe na baridi, kazi iliyotolewa na shirika la wanafunzi wa Norwe, SAIH, nasema tu kwamba inachekesha mara ya kwanza, na kwamba inafaa ioneshwe kabla ya hizi nyingine.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, lawama zote zikiwa ng’ambo. Lakini Ramadhani iliyopita lilikuja mtaani kwetu gari la kikundi kimoja cha misaada, likiwa na mchele, sukari, tende na mafuta ya kupikia. Jirani yetu, bibi wa makamo ya kuchukuliwa mkono, aliitwa mbele. “Bibi, shika kwanza mfuko, tazama huku,” kijana mwenye kamera alimwambia, kwa adabu. Bibi alivuta kanga ikafunika mdomo. “Mwanangu, mimi nimeitiwa mchele. Uso wangu mnaupeleka wapi?” Kijana akaeleza kwamba wafadhili wako nje, wanataka kuona amana yao imefika, na bila ya picha hakuna awamu ya pili. Hakuwa mwongo. Amana ni jambo zito, na fedha za sadaka zimewahi kupotea mikononi mwa watu wasioonyesha chochote.

Dini haimfungii mlango kijana huyo. Aya ya 271 ya Suratul Baqara inasema kwamba sadaka ikidhihirishwa ni vyema, na ikifichwa wakapewa mafakiri ni bora zaidi. Aya chache kabla yake inakataza kuiharibu kwa masimbulizi na udhia. Injili nayo inataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na maneno yanayofanana na hayo yamo katika hadithi ya Mtume. Kudhihirisha, basi, kunaruhusiwa. Lakini kudhihirisha mchele si lazima kuwe kumdhihirisha Bibi. Kamera ingeweza kusimama Malindi magunia yakiteremshwa bandarini, au kwenye mizani, au kwa mchukuzi anayehesabu mifuko kwa sauti, kama ile ya 1984 ilivyosimama studio. Na ikiwa ni lazima uso uonekane, mwenye uso aulizwe, na jina lake liandikwe kama anavyotaka.

Video ilifika kwenye simu zetu siku ya tatu yake, ikiwa na kaswida chini yake. Bibi yumo kwa sekunde chache, kanga mdomoni, macho yake yako kwenye mfuko. Mwisho yanapita majina ya wafadhili, moja baada ya jingine, kwa maandishi ya dhahabu. Lake halimo. Mchele, nikisema kweli, ulikuwa mzuri, na ulimfikisha mpaka Idd.