Lucky Dube si kifo chake tu
Makala yenu kuhusu Lucky Dube, mwimbaji wa reggae wa Afrika Kusini, imetumia nusu nzima kueleza usiku ule wa tarehe 18 Oktoba 2007, alipopigwa risasi Rosettenville, Johannesburg, na watu waliotaka kumpora gari. Sawa, yalitokea, na waliomuua walifungwa maisha. Ila kazi yake mmeipitia haraka mno.

Hamkusema kwamba huyu mtoto wa Ermelo alianza na mbaqanga, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, akiimba Kizulu, na tayari alikuwa na wasikilizaji wake alipogeukia reggae. Kampuni ya kurekodi haikupenda mabadiliko hayo. Albamu fupi ya Rastas Never Die ilidoda sokoni, na serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Mtu mwingine angerudi kwenye mbaqanga iliyokuwa ikimlisha. Yeye akaingia tena studio, na mwaka 1987 albamu ya Slave ikauzwa kwa wingi mno. Wimbo wenyewe wa Slave wengi waliudhani ni wa utumwa wa zamani, kumbe anamlilia mtu aliyetekwa na pombe! Kisha mwaka 1989 ikaja albamu ya Prisoner.

Na ile sauti, jamani. Anapanda juu kabisa bila kukwaruza, waitikiaji wanampokea, kinanda kinajaza nafasi iliyobaki. Huku kwetu Tanzania nyimbo zake zilipigwa kwenye mabasi na watu wakaziimba hata wasiojua Kiingereza. Mhariri, tunaomba makala nyingine, ya muziki wake safari hii.